Monita tatu kwenye laptopu moja: kwa nini spliti imekugomea

"Shikamoo. Naandika programu kwa ajili ya watu wa nje nikiwa nyumbani, Buzuruga, hapa Mwanza. Natumia ThinkPad T480 ya mtumba. Nimenunua monita mbili, nazo za mtumba, na nilitaka kuongeza ya tatu. Laptopu ina tundu moja tu la HDMI, kwa hiyo nikanunua spliti, moja kuingia mbili kutoka. Monita zote zimewaka lakini zinaonyesha kitu kilekile. Fundi anasema kadi ya grafiki ni ndogo, niuze laptopu ninunue deskitopu ya magemu. Isitoshe, monita moja maandishi yake yana ukungu, shingo imeanza kuniuma upande wa kushoto, na umeme ukikatika kila kitu kinazima isipokuwa laptopu. Nimebakiwa na laki tatu. Nianzie wapi?"

Marahaba. Umeuliza moja lakini umebeba manne, na yote yana majibu. La kwanza kabisa: usiuze laptopu.

Fundi wako amechanganya mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: nguvu ya chipu ya grafiki, na idadi ya picha ambazo chipu hiyo inaweza kutoa kwa wakati mmoja. Nguvu ni habari ya magemu na ya wanaohariri video. Terminali, brauza yenye tabo thelathini na kihariri chenye maandishi meupe kwenye mandhari nyeusi havihitaji ubavu huo. Kinachoamua ni monita ngapi zitawaka, kila moja na lake, ni njia za picha zilizomo ndani ya chipu. Kila njia inachora picha yake na kuipeleka nje, kwa kawaida mara 60 kwa sekunde. Chipu iliyomo kwenye T480 yako, Intel UHD 620, ina njia tatu. Na skrini ya laptopu yenyewe inakula moja.

Sasa tuje kwenye spliti. Harusini MC ana maiki moja na ukumbi una spika nne. Ukileta spika ya tano hujapata MC wa pili. Umepeleka sauti ileile kwenye kona ambayo haikuwa inasikia vizuri. Spliti ya HDMI kazi yake ndiyo hiyo. Inafaa baa yenye TV sita zote zikionyesha mechi moja ya Simba na Yanga, na huko ni kifaa kizuri tu. Yako haijaharibika wala hukuuziwa feki. Ila laptopu ikitazama kupitia tundu lile inaona monita moja, kwa hiyo hakuna mpangilio wowote wa Windows wala wa Linux utakaoifanya ipeleke picha mbili humo. Nakwambia hivi kwa sababu nimeona vijana wakikesha wiki nzima wakibadilisha draiva kutafuta kitu ambacho hakimo.

Dawa yake unayo tayari mezani. Tazama ubavu wa kushoto wa laptopu. Kuna matundu mawili madogo ya mviringo, ya USB-C. Kwenye T480 yote mawili yanapokea chaja, na yote mawili yanaweza kutoa picha. Chaja iweke kwenye moja. Kwenye la pili weka adapta ya USB-C kwenda HDMI, au kebo ya USB-C kwenda DisplayPort kama monita ina tundu la DisplayPort. Lile tundu la HDMI la ubavu wa kulia liende kwenye monita nyingine. Hapo unapata skrini ya laptopu na monita mbili, picha tatu tofauti, na njia zako tatu zimepata kazi.

Wasomaji wenye laptopu nyingine wasikimbilie dukani kwa sababu ya aya hiyo. USB-C ni umbo la tundu tu. Kuna laptopu ambazo tundu hilo linapitisha data na chaji bila picha hata kidogo. Ukiona kando yake alama ya radi yenye ncha ya mshale (Thunderbolt), au herufi D na P zilizounganishwa, uko salama. Usipoona alama, tafuta maelezo ya mtengenezaji kwa jina kamili la modeli kabla hujatoa hela. Na mwenye MacBook Air ya M1 au M2 ajue kwamba chipu yake imeruhusiwa monita moja tu ya nje, hata awe na adapta ngapi za kawaida za USB-C.

Ukishaunganisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend badala ya Duplicate. Kisha ingia kwenye mipangilio ya skrini, utaona visanduku vyenye namba. Viburute vikae kama monita zilivyokaa mezani. Watu wengi huruka hatua hii, halafu mshale wa mausi unagonga ukuta usioonekana upande wa kulia na kutokea kushoto. Hapohapo weka ukubwa wa maandishi: skrini ya laptopu ya inchi 14 yenye nukta 1920 kwa 1080 ipe asilimia 125 au 150, monita ya inchi 24 yenye nukta hizohizo iache kwenye 100. Bila hivyo, dirisha ukilivusha kutoka huku kwenda kule herufi zinanenepa ghafla, na macho yanachoka kuzizoea upya kila mara.

Na ile monita ya tatu? Hiyo ingekuwa picha ya nne, na njia ya nne haipo. Ukijaribu kwenye Linux kwa amri ya xrandr, utapata jibu la mkato: cannot find crtc for output. Maana yake ni hilohilo nililokueleza, njia za kuchora picha zimekwisha. Ukitaka monita tatu za nje lazima ufunge skrini ya laptopu, utumie doki (kisanduku cha matundu ya ziada), na uandike kwa kibodi ya pembeni. Inawezekana. Pia utakutana na adapta za USB ya kawaida kwenda HDMI ambazo hazitumii njia za chipu kabisa: programu inaibana picha kwa kutumia prosesa, inaipitisha kwenye USB, na kichipu kilichomo ndani ya adapta kinaifungua. Kwa kusoma nyaraka zinatosha. Kwa mtu anayeandika programu nina wasiwasi nazo, kwa sababu prosesa unayoitaka ikompaili inageuka mbeba picha, na kwenye Linux draiva yake ina tabia ya kukatika siku unaposasisha kerneli (kiini cha mfumo), tena mara nyingi ndiyo siku ya kukabidhi kazi.

Maoni yangu, na unaweza kuyakataa: kutoka skrini moja kwenda mbili unaona tofauti siku ileile. Msimbo huku, matokeo kule, huhitaji tena kupindua madirisha mara mia kwa siku. Kutoka mbili kwenda tatu faida ni ndogo, na ile ya tatu huishia kuwa makazi ya WhatsApp. Kuna jirani yangu ana nne. Nikimtembelea namkuta anatazama moja.

Tuje kwenye ukungu. Naweka dau kwamba monita hiyo umeiunganisha kwa kebo ya VGA, ile yenye plagi ya bluu na skurubu mbili, kupitia kile kiadapta cha HDMI kwenda VGA. VGA ilitoka mwaka 1987 na inasafirisha picha kwa mawimbi ya umeme, si kwa tarakimu. Laptopu inatengeneza nukta safi, adapta inazigeuza kuwa mawimbi, kebo nyembamba inaokota kelele njiani, na monita inalazimika kukisia kila nukta ilianzia wapi. Video inavumilia makisio hayo. Herufi zenye upana wa nukta moja haziyavumilii.

Geuza monita uitazame mgongoni. Nyingi za mtumba zinazouzwa mjini, karibu na tundu la VGA zina jingine pana, jeupe, lenye vitundu vingi: hiyo ni DVI. Ishara ya picha ya DVI na ya HDMI ni ya ukoo mmoja, kwa hiyo kebo rahisi ya HDMI kwenda DVI, isiyo na chipu ndani, inapitisha picha safi mpaka nukta 1920 kwa 1200. Sauti tu ndiyo haipiti, nayo hukuihitaji. Wauzaji wengi hawaitaji kebo hii kwa sababu adapta ya VGA ndiyo iliyojaa kabatini. Wewe iulize kwa jina. Kama monita ina VGA peke yake, bonyeza kitufe chake cha Auto ijipange, hakikisha umeweka idadi ya nukta zake za asili, kisha iweke iwe ya pembeni, isiwe ya kusomea msimbo.

Kwenye DisplayPort pia kuna mtego mmoja. Kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita, adapta ya bei ndogo kwa kawaida inafanya kazi. Kinyume chake, kutoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya monita, haifanyi; inahitaji kigeuzi chenye chipu, mara nyingi na waya wake wa umeme.

Sasa shingo, ambayo ningeianza nayo kama ningekuwa mama yako. Hata bila kuiona meza yako nabashiri: laptopu iko mbele ya kifua kwa sababu unaandikia kibodi yake, na ile monita yenye maandishi safi iko pembeni, nayo ndiyo unayoifanyia kazi saa sita au nane. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano. Kikikaa wima juu ya mabega, mifupa inakibeba. Ukikigeuza kidogo na kukiacha huko, misuli ya upande mmoja inabaki imekaza mchana kutwa, na misuli iliyokaza bila kulegea damu haipiti humo vizuri.

Tafuta kibodi ya pembeni, hata ya kawaida kabisa. Kaa, kisha panga vitu vitatu kwenye mstari mmoja: kitovu chako, herufi B ya kibodi, na katikati ya monita unayoitumia zaidi. Laptopu isogee pembeni, iwe ndiyo ya WhatsApp. Nyosha mkono: ncha za vidole ziguse kioo au zikikaribie. Ukingo wa juu wa monita uwe sawa na macho au chini kidogo. Kama stendi haipandi, rimu moja ya karatasi za A4 ina unene wa kama sentimita tano. Mimi nilitumia rimu mbili mwaka mzima kabla sijanunua mkono wa chuma wa kushikilia monita. Ukitaka mkono huo, angalia kwanza kama mgongo wa monita una matundu manne ya skurubu yaliyopangwa mraba wa milimita 75 au 100. Bila hayo mkono hauna pa kushika.

Monita ya pili ipindishe ikutazame, kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa nusu. Wengine huisimamisha wima, na kwa kusoma msimbo mrefu au logi napenda sana. Ila monita za mtumba nyingi ni za paneli ya TN, ambayo rangi zake hubadilika ukiitazama kutoka chini au juu. Ukiisimamisha, ule udhaifu wa juu na chini unahamia kulia na kushoto, na kila jicho linapata mwanga tofauti. Utaumwa kichwa usijue sababu. Dukani iinamishe mbele na nyuma: rangi zikigeuka kama picha ya negativu, hiyo ni TN, iache ilale.

Na dirisha. Nilipopanga Kirumba, juu kule kwenye miamba, niliweka meza ikitazama ziwa. Nani asingefanya hivyo? Kufikia saa kumi na moja jioni jua liko nyuma ya monita, maji yanametameta kama bati jipya, na mimi nakunja uso kutafuta mabano yaliyokosekana. Nikageuza meza, nikalipa dirisha mgongo. Sasa nikawa naliona ziwa zima ndani ya kioo cha monita, na kichwa changu katikati yake. Mwisho nikaweka meza ubavuni mwa dirisha, mwanga ukapita kutoka kulia, na ndivyo ilivyo hadi leo. Usiku kuna jambo jingine letu sisi wa karibu na maji: vile vidudu vya ziwani vinavyofuata taa. Ukizima balbu, monita ndiyo inakuwa taa. Havina madhara, lakini vikigandamana kwenye kioo usivifute kwa kiganja. Acha vikauke, vipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji. Spiriti na dawa ya vioo vya madirisha vinachubua utando wa paneli. Huko Buzuruga pengine havikusumbui kama huku.

Umeme nao hauhitaji jenereta. Soma kibandiko nyuma ya kila monita. Ya LED ya inchi 22 au 24 inatumia kama wati 20 hadi 30. Zile nene za zamani, ambazo zikiwaka huanza na unjano kisha hung'aa taratibu, zinaweza kufika mara mbili ya hapo. Monita zako mbili pamoja na ruta ni kama wati 60. UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, ya 650 VA kwa kawaida ndani yake kuna betri ya volti 12 yenye amperi-saa 7. Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni wati-saa 84, lakini betri ya risasi ikinyonywa haraka haitoi yote, na UPS yenyewe inakula kidogo. Tarajia kama nusu saa betri ikiwa mpya. Laptopu usiichomeke humo, ina betri zake. T480 ina ya ndani na ya nje, na hiyo ya nje unaweza kuibadilisha mashine ikiwa imewaka. UPS iwe ya monita na ruta tu. Nusu saa inatosha kumaliza mkutano, au kununua umeme wa Luku kama ni wewe uliyesahau.

Kuhusu radi, usiitegemee UPS. Mvua za huku zikitokea ziwani, radi zake si za mchezo. Ikianza kunguruma, chomoa plagi za ukutani, pamoja na kebo ya intaneti na waya wa antena. Nilipoteza monita nzuri iliyokuwa imechomolewa ukutani kabisa; umeme uliingia kwa kebo ya intaneti, ukapita kwenye laptopu, ukatokea kwa HDMI.

Kuna mambo mawili ambayo mimi siwezi kuyatibu kwa maandishi. Ukigusa chuma cha nyuma ya monita au mfuniko wa laptopu ikiwa kwenye chaji ukahisi kama sisimizi wanatembea kidoleni, huenda nyumba haina athi (waya wa kupeleka umeme ardhini) inayofanya kazi, au umetumia plagi ya pini mbili iliyokuja na monita. Badilisha kebo kwanza uweke ya pini tatu. Hisia ikibaki, ita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime athi; hilo si jambo la kubahatisha na tester ya kalamu. Shingo nayo, ukipanga meza upya na maumivu yakaendelea baada ya wiki mbili tatu, au vidole vikaanza kufa ganzi, mkono ukakosa nguvu, maumivu yakashuka begani hadi kiwikoni, nenda hospitali uonane na daktari, na umwombe akuelekeze kwa mtu wa fiziotherapia. Usinunue dawa za maumivu ukaendelea kukaa vilevile.

Hizo laki tatu: adapta ya USB-C, kebo ya HDMI kwenda DVI, kibodi, kisha UPS kwa kitakachobaki. Monita ya tatu isubiri. Adapta nenda kainunue ukiwa na laptopu begani na umwombe muuzaji aichomeke kwenye TV yoyote iliyoko dukani. Bonyeza Windows na P, chagua Extend, vusha dirisha moja liende kule. Likifika, lipa. Lisipofika, jaribu tundu la pili la USB-C, na kama bado, mrudishie adapta yake.